Mchumba: Hayupo

Siku Yusra alipokutana na Nassib, nusura wang'oane macho mbele za watu. Hakuna aliyeteleza akadakwa, wala hakuna aliyedondosha kitabu kikaokotwa kwa tabasamu. Walikuwa wanagombea lori.

Ilikuwa asubuhi pale Mwanga, mjini Kigoma, mahali malori ya Kasulu yanapopakilia. Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walikuwa wanaingia kwa maelfu, na Kigoma yote ilikuwa mbio: magari yenye antena ndefu, wageni wenye vizibao vya mifuko kumi, vijana wenye simu mbilimbili wakiitana kwa miluzi. Lori tupu lilibaki moja tu, la mzee Oswald, Muha wa Kalinzi, aliyekaa kwenye ngazi ya gari lake akitafuna muhogo wa kuchoma, hana haraka na mtu.

Nassib alilifikia kutokea kushoto. Alikuwa kijana wa Kondoa, mrefu, mwenye wiki moja tu Kigoma, na jaketi lake jipya alikuwa amelifunga zipu mpaka kidevuni kwa sababu alidhani mji wenye ziwa lazima uwe na baridi. Yusra alilifikia kutokea kulia. Huyu alikuwa msichana wa Ujiji, gauni la zambarau, ushungi mpana wa rangi ya maziwa, na miguuni raba nyeupe za mtu aliyejiandaa kushinda.

"Shikamoo mzee. Lori hili nimelichukua," alisema Nassib.

"Umelichukua ukalipeleka wapi?" Yusra alimdaka. "Mimi nampigia mzee huyu tangu jana."

"Simu yangu iko kwa fundi, binti," alisema Oswald, akaendelea na muhogo wake.

"Unaona? Wewe umepiga, mimi nimefuata. Dada yangu, nina taa mia tano za sola zinasubiriwa kambini."

"Kaka yangu, na mimi nina mia sita. Kwa hesabu ya darasa la pili, nani ampishe mwenzake?"

"Kampuni yangu haina mchezo. Hakuna inayokua kama sisi mkoa mzima."

"Maskini! Hamjasikia habari zetu? Tukimaliza na nyinyi mtauza viberiti."

Watu wakaanza kusogea. Oswald akafuta midomo. "Haya, wanangu, semeni. Hizo kampuni zinaitwaje?"

"Nuru Chap!" walijibu kwa pamoja.

Nassib akashusha zipu taratibu, kitambulisho cha bluu kikachungulia. Yusra akainua ncha ya ushungi, na chake kikaonekana, bluu ileile, na jua lilelile linalocheka limechorwa pembeni.

"Yebabawe!" Oswald alicheka mpaka akashika ngazi. "Tajiri wenu mmoja na mnataka kutoana roho? Pakieni wote, twende."

Basi ndivyo ilivyokuwa Nuru Chap. Miezi minne nyuma ilikuwa na watu sita na meza moja. Siku ile ya lori ilikuwa na watu arobaini na mmoja, na hakuna aliyewajua wote, hata mwenyewe. Nassib alikuwa wa Mauzo, Yusra wa Usambazaji, na kila idara ilikuwa imetumwa kukodi lori bila kumwambia mwenzake. Ofisi ilikuwa gesti ya zamani juu ya kilima, na kwa vile mambo yalikwenda mbio, hakuna aliyepata nafasi ya kuondoa vitanda. Betri zilitunzwa bafuni. Mikutano ya wakubwa ilifanyika chumba namba saba, watu wazima wamekaa kwenye godoro la sita kwa sita wakijitahidi wasiegemeane.

Mwenye kampuni alikuwa Theophil, mwenyeji wa Bukoba, miaka ishirini na tisa, mvaaji wa kaptula. Alikuwa amekaa Nairobi miezi mitatu akijifunza namna kampuni changa zinavyokua, akarudi na imani mpya. Hakutaka kuitwa bosi wala mzee. Alitaka Theo tu. Shikamoo aliipiga marufuku ofisini kwa sababu, alisema, inachelewesha kazi. Na kila asubuhi aliwasimamisha wafanyakazi wote uani kwa kikao cha kusimama, ambapo kila mmoja alijibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo unafanya nini, nini kinakukwamisha? Aliyezidisha dakika moja alipigiwa kengele ya baiskeli.

Mtu mmoja tu alimshinda. Huyo alikuwa Shangazi Fatu, dada wa baba yake Yusra, wakala wa taa wa Ujiji nzima. Alifika ofisini mara moja, na Theophil akampokea kwa "Fatu, mambo vipi?" Shangazi alimtazama kuanzia ndala mpaka nywele, akageuka, akarudi Ujiji. Tangu hapo mzigo wake ulipelekwa nyumbani kwake, na yeye aliuza taa nyingi kuliko mawakala wengine wote wakijumlishwa, kwa hiyo Theophil alimeza.

Haya. Ugomvi wa lori ulizaa vicheko, vicheko vikazaa simu.

"Halo, Mia Tano. Umelala?"

"Nitalalaje, Mia Sita, na wewe umenizidi taa mia?"

"Lala. Kesho nitakuazima kumi."

Majina hayo yakaganda. Mwezi wa pili Nassib alikuwa hali chakula cha mchana bila kumwona. Mwezi wa tatu, Jumamosi moja alasiri, walikaa mwaloni Kibirizi mbele ya sahani ya samaki, migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, ziwa limetulia, na Nassib akasema alilokuwa akilisema moyoni kila akipanda kile kilima.

"Yusra, nakupenda. Nataka kukuoa."

Yusra alichambua mwiba kwa utulivu, lakini masikio yake chini ya ushungi yalikuwa yanawaka. "Na mimi nakupenda, Nassib. Ila unisikilize vizuri. Kwetu Ujiji mwanamume anajulikana nyumbani kwa barua ya posa. Barua isipofika kwa baba, mimi na wewe ni wafanyakazi tu. Ofisini usiseme. Kwa Oswald usiseme. Shangazi akisikia kwa watu kabla ya barua, nitakuwa nimemvua nguo."

"Sitasema. Wallahi sitasema."

"Na barua?"

"Naiandika, mpenzi. Nikitulia kidogo tu."

Kutulia, Nuru Chap! Mwezi ule alikuwa Msaidizi wa Mauzo. Mwezi uliofuata akawa Mratibu wa Kasi. Baba yake kule Kondoa akasema wangoje mavuno. Mwezi wa tano tangu siku ile ya Kibirizi, Theophil aliingia kikaoni, akatazama huku na huku, na kwa kuwa Nassib ndiye aliyesimama karibu na mlango, akamteua kuwa Mkuu wa Watu.

"Watu wamefika hamsini na nane," alisema Theophil. "Na sasa tunafungua tawi Mpanda. Nataka watu wa kupeleka, wasio na kamba mguuni. Mwenye mchumba ataniliza na ruhusa kila wiki. Nitengenezee jedwali: jina, umri, mchumba yupo au hayupo. Kesho asubuhi."

Nassib alijifungia chumba namba nne, akakaa ukingoni mwa kitanda chake cha kiofisi, akaanza kujaza. Kwa wengine aliuliza, kwa wengine alijua. Alipofika mstari wa Yusra, kalamu ikagoma.

Akiandika yupo, Theophil angeuliza ni nani, na kabla ya adhuhuri Shangazi Fatu angekuwa amesikia kwa muuza maandazi. Alikuwa ameapa. Akafikiri, akajikuna, kisha kwa uaminifu wote wa mwanamume anayetunza siri ya mpenzi wake, akaandika: Hayupo. Akajiona shujaa. Akajinunulia na soda.

Asubuhi Theophil alikuwa na furaha. Alikuwa ameazima mashine ya kuonyeshea picha, na kwa vile gesti ilikuwa na mashuka mengi kuliko mahitaji, alitundika shuka jeupe ukutani mle ukumbini, akahamishia kikao humo. Jedwali likatokea, herufi kubwa kama tangazo la sinema.

"Mkuu wa tawi la Mpanda!" alitangaza. "Mchapakazi, hana kamba mguuni!"

Na pale kwenye shuka pakasomeka: Yusra Abdulatif. Miaka ishirini na sita. Mchumba: hayupo. Imejazwa na: Nassib.

Watu walipiga makofi. Yusra hakupiga. Zamu yake ilipofika alisema kwa sauti iliyonyooka, "Jana nilipeleka taa Kalinzi. Leo nakwenda Mwandiga. Kinachonikwamisha ni kwamba nimesoma habari zangu kwenye shuka." Akatoka. Alitumia sekunde kumi na mbili; kengele haikulia.

Nassib alimkuta kwenye korido, karibu na bafu la betri.

"Mia Sita, nisikilize. Nilikuwa natunza siri yetu!"

"Nilikwambia unyamaze, Nassib. Sikukwambia unikane kwa maandishi. Ungeacha wazi. Ungechora mstari. Ungemwaga hata chai!"

"Sikufikiria chai."

"Na hili ndilo linaloniuma. Miezi mitano unangoja utulie uandike barua moja. Fomu ya Theo umeijaza usiku mmoja." Machozi yalimlenga, akayazuia kwa hasira. "Haya. Uliloliandika na liwe."

Jioni Nassib alipiga simu. Ikapokewa.

"Yusra?"

"Hayupo," ilisema sauti ya Yusra, na simu ikakatika.

Alipiga tena kesho yake. Hayupo. Siku ya tatu ikapokewa na Shangazi Fatu, ambaye hakusema kitu kabisa, alipumua tu, na Nassib akaikata mwenyewe kwa woga. Basi siri ilikuwa imeshavuja, na si kwa mdomo wake. Yusra alikuwa amelia jikoni, na shangazi aliyemlea tangu ana meno ya utoto hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Ilibaki wiki moja msafara wa Mpanda uondoke. Nassib alikuwa halali, hali, na kichwa chake kilijaa jambo moja tu: Yusra ataondoka akiamini kwamba hana mtu. Katika hali hiyo akatumwa kambini na mzigo wa taa, juu ya lori la Oswald.

Huko taa zilipokewa na mama mmoja wa Kirundi, Honorata, mwenye kitenge cha njano kilichofungwa imara na sauti ya mtu aliyezoea foleni. Ndiye aliyegawa taa kwa akina mama wa eneo lake, na ndiye aliyezitengeneza zikigoma.

"Amahoro, Nassib. Mbona umekonda hivyo? Kampuni haiwapi chakula?"

Nassib alitaka kusema si kitu. Badala yake akasema yote, amesimama katikati ya maboksi, tangu lori mpaka shuka. Honorata alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, na cheko lake halikuwa la kumkebehi.

"Ngoja nikuambie yangu. Siku tumefika hapa, karani ananiuliza, mume? Mume wangu Pastory alikuwa amekwenda foleni ya maji. Nikasema, hayupo. Nilimaanisha hayupo hapa, yuko kwa maji! Yule akaandika hayupo. Pastory anarudi na ndoo, wanamwambia, wewe baba, huna familia, nenda hema la wanaume." Alipiga makofi. "Miezi mitano! Ananichumbia upya kila jioni kupitia uzio wa jikoni. Kila siku naenda ofisini kwao: mume yupo, mtazameni, huyu hapa, anakohoa."

"Mwishowe ikawaje?"

"Pastory mwenyewe. Alikwenda akakaa mlangoni kwa karani, akasema haondoki mpaka lile neno lifutwe. Alikaa siku tatu. Ego, ndiyo, siku tatu! Aliyekosewa nilikuwa mimi, lakini aliyekwenda kukaa ni yeye. Wewe umekaa kwa mlango wa nani?"

Nassib akainua taa ya mwisho, akashukuru, akapanda lori. Kabla hawajafika Kasulu mjini, alikuwa anaongea na Kondoa kwa simu.

"Baba, shikamoo. Mavuno siyangoji tena. Barua naiandika leo."

"Marahaba. Na nani ataipeleka, mwanangu? Baba yako mdogo hajapata hata tiketi ya treni." Baba alifikiri. "Tafuta mshenga hukohuko. Mtu mzima mwenye mvi, anayejua kunyamaza."

Nassib akageuza shingo. Oswald alikuwa anaendesha, mvi zinatokeza chini ya kofia, hajasema neno tangu kambini.

"Mzee Oswald—"

"Nimesikia," alisema Oswald. "Koti ninalo."

Kesho yake ofisini Theophil alikuwa anahema. "Nassib! Shangazi Fatu amerudisha taa zote. Zote! Ameziweka barazani na karatasi imeandikwa: hazipo. Ujiji nzima imezima. Umefanya nini?"

Nassib akamwambia.

Theophil alikaa kwenye godoro, akashika kichwa. Hakuwa kijana mbaya, alikuwa na haraka tu. "Kumbe nimemtangaza mchumba wa mtu kwenye shuka," alisema taratibu. "Mnakwenda lini? Na mimi nakuja."

"Utavaa suruali?"

"Nitavaa."

Wakaenda siku hiyohiyo, baada ya alasiri. Oswald alitangulia na koti jeusi lenye harufu ya dawa ya nondo. Nassib alifuata na kanzu iliyopigwa pasi mara tatu, halafu Theophil, suruali ndefu, amekumbatia jedwali ndani ya bahasha. Uani walimkuta Mzee Abdulatif, baba yake Yusra, mtu wa maneno machache, kwenye kiti chake. Pembeni, kwenye mkeka, Shangazi Fatu, kitenge kipya cha Kongo, wanja, na mwiko mkononi.

Oswald na Nassib wakasalimia ipasavyo. Macho yote yakamgeukia Theophil.

"Shikamoo, Shangazi."

"Sijasikia."

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba. Si nilisikia inachelewesha kazi?"

"Inachelewesha, Shangazi. Lakini leo sina haraka."

Mdomo wa Shangazi ulicheza kidogo, akaudhibiti. Nassib akainama kukaa.

"Nani amekwambia ukae? Naambiwa kwenu mnazungumza mmesimama. Simameni wote. Mzee Oswald, wewe kaa, baba, hukuajiriwa." Akagonga sufuria kwa mwiko. "Mkuu wa Watu! Watu gani hao waliokufanya mkuu wao? Jana ulifanya nini?"

Nassib alipumua. Alikuwa ameandaa maneno mazuri njia nzima, yote yakamkimbia.

"Jana niliandika barua, Shangazi. Kwa miezi mitano kabla yake sikuiandika, kila siku nilidhani nitatulia. Leo nimeileta, anayo mzee Oswald. Kinachonikwamisha ni neno moja, nililiandika kwa mkono huu. Nampenda Yusra, na niliandika hana mtu. Nilidhani namsitiri, kumbe najisitiri mwenyewe nisiulizwe. Aende Mpanda au asiende, asiende akiamini lile neno. Nisameheni. Nitakaa mlangoni hapa hata siku tatu."

Mwiko ulikuwa umeinuliwa, dakika imeshapita. Haukugonga.

Theophil akajitutumua. "Na mimi, Mzee, nalifuta jina lake kwenye orodha ya Mpanda. Hatakwenda popote!"

"Ufute nini?"

Pazia la mlango likafunguka. Yusra alitoka na dera la kijani na ushungi wa maziwa uleule wa siku ya lori, macho yamevimba kidogo, kidevu juu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mzee Oswald." Akamgeukia Theophil. "Nani amekwambia sitaki Mpanda? Mkuu wa tawi zima, nikatae nina wazimu? Mpanda nakwenda. Nilichokataa ni kupewa kazi kwa sababu eti sina mtu, kana kwamba mwenye mtu hawezi kazi. Toa hilo jedwali."

Theophil akalitoa haraka. Yusra akalichukua, akamkabidhi Nassib pamoja na kalamu.

"Mkono uleule," alisema.

Nassib akapiga magoti mkekani, akakata neno, akaandika juu yake kwa herufi kubwa mpaka zikaingia mstari wa mtu mwingine: YUPO.

Yusra akasoma. Akasoma tena.

"Na jina lake?" aliuliza Nassib, kalamu hewani. "Niandike?"

"Usiandike. Jina ni la baba kulitamka. Barua ikijibiwa ndipo litajulikana." Akaingia ndani, na pazia likarudi mahali pake.

Mzee Abdulatif alipokea barua kutoka kwa Oswald, akaitia mfukoni, akasema maneno yake matatu ya siku hiyo. "Tutawajibu. Karibuni chai."

Chai ikanywewa, na kila mtu alikaa. Walipotoka, Nassib alifika kona ya nyumba ya pili, simu ikaita. Akasimama palepale, kanzu imejaa vumbi magotini.

"Halo?"

"Mia Tano."

"Yupo?" aliuliza Nassib.

"Yupo." Kulikuwa na vishindo vya sufuria nyuma yake. "Niambie, leo unafanya nini?"

"Nasubiri jibu la barua."

"Nini kinakukwamisha?"

"Sijui baba atasema nini."

"Na mimi sijui, baba hajaifungua," alinong'ona Yusra, akizuia kicheko. "Ila Shangazi ameshatuma mtu sokoni, anauliza vitenge vya sare vya watu arobaini. Na amesema mwambie Theo arudishe zile taa, kutakuwa na giza siku ya harusi."

Nassib akageuka, akamkimbilia Theophil aliyekuwa mbele, suruali yake ndefu imemshinda mwendo. Njiani akampita mzee Oswald, akamwamkia tena, ingawa walikuwa wameamkiana saa ile ile.